Kabla ya Miaka 70



Mwenye mikarafuu hastaafu. Mtumishi wa serikali akitimiza miaka 60 hupewa barua yake, kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi. Sisi barua yetu huletwa na magoti: siku moja mtu huutazama mti, kisha akamwita kijana apande badala yake. Kwa wengi wetu siku hiyo huja katika miaka ya hamsini. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, humfikia mzee aliyetimiza miaka 70. Basi mwanachama wa miaka 58 ana miaka 12 ya kungoja, na presha na kisukari havingoji.

Twajua tutajibiwa kwamba matibabu Zanzibar ni bure. Ni kweli, jambo hilo lilitangazwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na hatutaki neema hiyo idharauliwe. Lakini dawa isipokuwapo hununuliwa dukani. Mgonjwa akipelekwa Unguja kuna nauli ya meli, yake na ya anayemuuguza, na chakula cha wote wawili. Pesa hizo hutoka mtini. Karafuu huuzwa zingali juu, kwa bei ya mwenye shida. Yakizidi, huuzwa na mikarafuu yenyewe. Wazee wetu walizama katika madeni hata mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Siku hizi hapana mdai mmoja wa kulaumiwa, lakini shamba huondoka vile vile.

Mfuko wa Huduma za Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ukaanza na watumishi wa umma, nao hukatwa mchango katika mshahara. Vyema. Ila sisi hatuna mshahara. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, kisha waweza kutoa haba miaka miwili au mitatu. Mkulima akitakiwa alipe kila mwezi atalipa mara tatu baada ya mavuno, kisha atashindwa, na maradhi yatamkuta kadi yake imekwisha.

Rai yetu ni kwamba mchango ukatwe kituoni siku ya kuuza, kwa kila kilo, na mwaka wa neema ulipie na miaka ya uhaba. Na Serikali, inayonunua karafuu zetu kwa mkono wa ZSTC, itie nusu kwa kila mwanachama wa miaka 50 hadi 69. Mtu akiachwa na kisukari chake miaka kumi, akifika 70 gharama yake huwa kubwa zaidi, na atakayeilipa ni Serikali hiyo hiyo.

Vijana nao waingie. Mfuko wa wagonjwa watupu hauishi misimu miwili, na anayeanguka mtini mara nyingi ni kijana.

Lakini tusitie saini kabla ya kusoma. Je, mke wa pili yumo? Watoto wangapi? Dawa za kila mwezi zimo, au ni za kulazwa tu? Kadi huanza kazi lini baada ya kulipa? Inakubaliwa Mnazi Mmoja, au mwisho wake ni Mkoani? Kadi rahisi isiyovuka bahari ni ghali kwa Mpemba.

Wapo wanaochukia neno makato, nasi hatuwalaumu. Kwa hiyo twataka kila shilingi iandikwe katika stakabadhi ya mauzo, na hesabu isomwe hadharani kila msimu. Shauri hili tutalipeleka mkutano mkuu. Anayelipinga na aje alipinge, ila atuambie pia dawa za mwezi wa Machi, majamvi yakiwa yamekunjwa, atazilipia kwa nini.