"Kwangu" si "Nyumbani": Neno Moja katika Rasimu ya Faharasa Yetu

Rasimu ya faharasa ya tarakilishi inayoandaliwa na chama chetu inaita mahali pa faili za mtumiaji "saraka ya nyumbani". Napinga istilahi hiyo, na sababu yangu niliipata nje ya maktaba.

Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kuhesabu maneno katika masimulizi niliyoyanakili kwa ajili ya tasnifu yangu. Kwenye tarakilishi ya Windows ya rafiki yangu huko Gatina, Kawangware, ilifanya kazi barabara. Nilipoipeleka Makina, Kibera, katika chumba ambamo vijana hujifunzia Linux, ilikwama papo hapo. Kijana mmoja aliutazama msimbo wangu, akauliza: "Dada, kwako ni wapi humu ndani?"

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika anwani nzima, C:\Users na jina la rafiki yangu, kana kwamba kila tarakilishi ina chumba chake yeye. Katika Linux, faili za mtumiaji aghalabu hukaa ndani ya /home. Katika tarakilishi za Mac hukaa ndani ya /Users. Naye msimamizi mkuu wa Linux ana /root, nje kabisa ya /home. Hata Windows yenyewe ilihama: kabla ya toleo la Vista la mwaka 2007, mahali hapo palikuwa C:\Documents and Settings. Kwa hiyo mwandishi wa programu hapaswi kukisia. Huuliza mfumo. Linux hujibu kwa kigeu kiitwacho HOME, Windows kwa USERPROFILE, na lugha ya Python, tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, ina amri Path.home() inayouliza kwa niaba yetu popote tulipo.

Sasa turudi kwenye lugha. Mpangaji wa Kawangware ukimuuliza nyumbani ni wapi, huenda akakutajia Vihiga au Busia, ingawa amelala Gatina miaka 20. Mzee Mnubi wa Makina ukimuuliza vivyo hivyo atakutajia Kibera hiyo hiyo, ambako jamii yake ilipewa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017 baada ya kuidai kwa miongo mingi. Neno "nyumbani" Nairobi limebeba asili, ardhi na hata makaburi. Lakini uliza "kwako ni wapi?" nawe utaelekezwa kwenye mlango.

Ajabu ni kwamba sarufi yetu ilikuwa na kifaa hiki tangu zamani. "Kwangu", "kwako" na "kwake" havitaji mahali popote. Mahali hujulikana anapojulikana msemaji au mtajwa. Ndivyo ifanyavyo alama ya wimbi, ~, katika Linux: ikiwa peke yake ni "kwangu", na ~juma ni "kwa Juma". Sijui tafsiri iliyo karibu zaidi na utendaji wa kitu chenyewe.

Mwenzangu mmoja wa isimu amenijibu kwamba "kwangu" hubadilika kwa nafsi, hivyo haliwezi kuwa kidahizo. Hoja yake ni nzito, nami nakubali nusu yake. Basi nomino iwe "saraka ya makao", na alama ya wimbi isomwe "kwangu". Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulimpa Kiswahili mtu anayeandika barua. Anayeandika programu bado anangoja, na tukimpa neno linalomfanya adhani kwamba mahali hapo ni pamoja kwa wote, atarudia kosa langu.

Pale Makina nilifuta mstari mmoja tu, nikaweka Path.home(), na masimulizi yote yakafunguka. Rasimu inakwenda kwa mpigachapa muhula huu. Naiomba kamati iufute mstari wake pia.