Chupa Yenye Jani la Kijani na Maji ya Mabondeni



Siku hizi, penye vipuri vya magari na pikipiki, huuzwa pia shampuu ya magari, nta ya kung'arishia rangi, dawa ya kulainisha matairi na maji ya kuyeyusha grisi kwenye injini. Juu ya baadhi ya chupa hizo pamechorwa jani la kijani, na chini yake maneno haya: rafiki wa mazingira. Mwenye gari hununua, humkabidhi kijana pamoja na shilingi chache, kisha humwelekeza mtoni. Jioni gari linang'aa, na mwenyewe ana amani moyoni kwa kuwa ametumia dawa isiyodhuru. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunasema wazi kwamba amani hiyo ni ya uongo, na kwamba wanaoilipia ni watu wengine kabisa, nao wako chini ya mto.

Kwanza tuulize: ni nani aliyelichora jani hilo? Ni mwenye kiwanda mwenyewe. Halikutoka kwa daktari wala mkaguzi wa maji. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango chake namba 14021 kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, lilikwisha kusema kwamba madai ya jumla namna hii, yasiyotaja ni kitu gani hasa kimepunguzwa au kimeondolewa, yasitumike. Sababu yake inaeleweka hata na mtoto wa Kipaimara: neno lisiloweza kupimwa haliwezi kukanushwa, na lisiloweza kukanushwa ndilo limpendezalo mchuuzi.

Pengine chupa husema jambo lililo bora zaidi kidogo, yaani kwamba sabuni iliyomo huoza yenyewe. Hili lina kipimo. Wataalamu huiweka dawa katika chombo chenye maji, hewa ya kutosha na vijidudu, na ikiwa walau asilimia 60 yake imevunjwa na vijidudu katika muda wa siku 28, huitwa yenye kuoza upesi. Hatulibezi. Ni afadhali sabuni ya namna hiyo kuliko ile isiyooza kamwe. Lakini samaki aliye chini ya daraja hangoji siku 28. Sabuni humdhuru saa ile ile inapomfikia, kwa kuwa huharibu mashavu yake anayovutia hewa. Wala mama aliyeinama kuchota maji hatua mia mbili kutoka hapo hangoji siku 28. Anapika jioni hiyo hiyo.

Tena, hata kama sabuni yenyewe ingekuwa safi kama umande, uchafu mkubwa hautoki katika chupa bali katika gari. Wanaosifu chupa hupenda tusahau jambo hili. Kinachobanduka chini ya lori lililotoka safari ni oili iliyovuja, grisi ya vyuma vya chini, dizeli, unga wa breki wenye madini ya shaba, na chembe za mpira wa matairi. Sabuni haiviui vitu hivyo. Kazi yake ni kuvitenga na bati na kuvitawanya majini ili viende mbali zaidi, na kadiri sabuni ilivyo hodari, ndivyo inavyovisambaza. Wengine huosha injini kwa mafuta ya taa au dizeli, wakisema ni rahisi kuliko dawa ya dukani. Na ipo oili chafu inayomwagwa wakati wa kubadilisha oili. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira imekuwa ikiwafundisha raia wake kwamba oili ya gari moja, iliyotolewa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi. Huo si mzaha, maana ndani ya oili iliyokwisha kutumika mna chembe za metali na masizi yenye sumu ambayo hayakuwemo ilipofunguliwa mpya.

Wapo watakaotuambia kwamba wenye viwanda watajirekebisha wenyewe kadiri elimu inavyoongezeka. Historia haisemi hivyo. Katika miaka ya 1950 mito mingi ya Ulaya ilifunikwa na povu jeupe lililorundikana penye vizuizi vya maji, kwa sababu sabuni mpya za wakati ule, zilizotokana na petroli, vijidudu vya mtoni havikuweza kuzivunja. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, nayo ikaanza kutumika mwaka 1964. Ndipo viwanda vikabadili mchanganyiko. Povu halikuondoka kwa hisani.

Na tukiwa kwenye povu, tuseme neno dogo kwa wapenda usafi. Povu silo linalosafisha. Hutiwa kwa wingi kwa kuwa mnunuzi hulipenda kulitazama. Vumbi jekundu la barabara zetu huondoka kwa maji ya kutosha na kitambaa laini, na sabuni kidogo hutakiwa tu pale penye mafuta.

Sasa tutazame maji yetu yanakokwenda. Nyanda hizi za Buha ni mama wa mito. Sehemu kubwa ya maji ya Kasulu na Kibondo hushuka mpaka Malagarasi, mto wenye bonde kubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika. Kabla ya kufika ziwani, hupita katika ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 iliandikwa kuwa ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Ziwa lenyewe lina kina cha mita zipatazo 1,470, na maji yake hukaa humo mamia ya miaka kabla ya kubadilishwa. Ziwa la namna hiyo halisafishiki kwa mvua ya mwaka mmoja. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulitunza, hapa hapa nchini, jijini Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003. Anayeosha lori katika kijito cha Titye na adhani jambo hilo ni lake na kijito tu, hajui jiografia ya nyumbani kwake.

Hata hivyo tusiruke mbio hadi ziwani kwa watalii na wataalamu. Wa kwanza kuumia ni jirani. Katika mabonde yetu kiangazi ndipo watu hulima mboga na maharage kwa maji ya kijito, ndipo ng'ombe hunyweshwa, ndipo visima vifupi huchimbwa kando ya mto. Na kiangazi ndipo maji ni machache, na sumu ile ile huwa kali zaidi.

Tumesikia pingamizi. Mbona akina mama hufua mtoni tangu zamani, na hakuna aliyeandika kijitabu? Jibu letu ni kwamba beseni la nguo halina oili ya injini wala unga wa breki. Wala mama huyo hana gari la kuchagua mahali pa kulipeleka. Lakini hatusemi sabuni yake haina neno. Naye afue kwa beseni mbali na ukingo na kumwaga maji penye majani, na kijiji kimsaidie kwa kumjengea mahali pa kufulia. Wengine hutuambia: basi tutumie sabuni ya mawese, maana ni ya asili na ni ya kwetu. Tunaipenda sabuni ya mawese, nayo huoza upesi kweli. Lakini imepikwa kwa magadi makali, na ikimiminwa kwa wingi katika kijito chembamba itadhuru samaki kama ile ya dukani. Asili ya kitu si kibali cha kukimwaga mtoni.

Pingamizi la tatu ni zito, nalo ni riziki ya vijana. Hapa tunataka haki itazamwe pande zote mbili. Tunakataa desturi ya kuwafukuza waoshaji kwa mgambo na kuwanyang'anya ndoo, huku mwenye gari akiondoka bila hata kuulizwa jina. Kijana hakulileta lori mtoni kwa hiari yake. Tena yeye ndiye wa kwanza kudhurika, kwa kuwa dawa za kuyeyusha grisi mara nyingi zina magadi makali, na baadhi ya zile za kung'arisha rimu zina asidi, naye hazishiki kwa glovu bali kwa mikono mitupu. Huko Kisumu, ufukweni mwa Ziwa Victoria, tangu miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia vijana waosha magari waliosimama majini kutwa; walikuwa na kichocho, wakatibiwa, wakarudi majini, wakaambukizwa tena. Hiyo ndiyo riziki tunayoambiwa tusiiguse!

Tunachotaka ni mahali pa kazi pahamishwe, kazi ibaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuzuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli ziwezazo kuharibu hifadhi yake. Mita 60 ni mwendo wa dakika moja. Je, ni gari gani lililoweza kutoka Kibondo likashindwa kusimama mwendo wa dakika moja kabla ya maji? Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu. Kung'aa kwa gari hakumo katika orodha hiyo.

Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itambue mahali magari yanapooshewa katika eneo lake na nani huchota maji chini yake. Taarifa hiyo ipelekwe kwa Halmashauri ya Walei, na wajumbe wake waifikishe katika mkutano mkuu wa kijiji ili itungwe sheria ndogo inayomtoza faini mwenye gari, si mwoshaji. Kijiji kitenge uwanja wa kuoshea ulio mbali na maji, wenye kokoto na karo la vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza tope huzama na mafuta huelea. Bomba lililopindwa kuelekea chini hupitisha maji ya katikati tu kwenda chumba cha pili chenye mchanga, kisha penye majani. Gharama yake ni matofali, saruji kidogo na siku chache za fundi. Tope la karo lisitupwe shambani. Liwekwe pamoja na oili chafu katika mapipa yenye mifuniko hadi apatikane mchukuaji mwenye kibali, na mazoea ya kupaka oili hiyo nguzo za nyumba au vidonda vya mifugo yakome. Wenye magari wachangie ujenzi kwa kadiri ya magari yao: wafanyabiashara, mashirika, idara za serikali. Gari la parokia litozwe kiasi kile kile kinachotozwa fuso la mahindi, na risiti yake ibandikwe mlangoni pa kanisa.