"PUMZIKA MAMA": HURUMA INAYOUA GOTI

Baridi ya Ufipa si mchezo, na mwenye goti jipya ndiye anayeijua zaidi. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mama yangu mzazi alibadilishiwa goti. Alikofanyiwa sipataji, maana sigombani na hospitali moja. Zamani wenzetu walikuwa wanapelekwa mpaka India, leo upasuaji huu unafanyika hapa hapa nchini, kama pale MOI, Muhimbili. Ni jambo la kujivunia. Ugomvi wangu ni hiki kinachofuata baada ya nyuzi kutolewa.

Mama aliruhusiwa na magongo, vidonge na karatasi moja ya mazoezi... ya Kiingereza! Mama yangu ni wa darasa la 7, Kifipa na Kiswahili vinamtosha. Akaambiwa arudi baada ya wiki 6. Basi.

Majirani wakaja kumpa pole, wimbo mmoja: "Pumzika mama, usilisumbue goti." Na mimi, eti mwandishi wa habari, nikamwekea mto chini ya goti alale vizuri. Wiki ya 4 goti likawa kama mpini wa jembe, halikunji, halinyooki. Kwenda choo cha shimo mpaka ashikwe na watu 2. Jamani, kumsikia mama yako analia chooni...

Nikamtafuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinisema kama mtoto mdogo. Akanieleza kwamba baada ya upasuaji kovu hujijenga na ndani ya goti pia. Lisipokunjwa na kunyooshwa wiki za mwanzo, kovu linashika. Likishika sana, mgonjwa anaweza kurudishwa kulazwa kwa dawa ya usingizi ili daktari alikunje goti kwa mikono. Ule mto wangu ndio uliokuwa unalizoesha kubaki limepinda! Kinachotakiwa ni taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti linyooke lenyewe.

Sasa ratiba yetu ni hii. Dawa ya maumivu kama daktari alivyoandika, tena kabla ya mazoezi, siyo kusubiri mpaka alie. Anaburuza kisigino kitandani kuelekea makalio, anakaza paja na kuhesabu mpaka 5, anatembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Kisha barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15. Kuchuliwa kwa maji ya moto na mizizi juu ya kidonda nimekataa, shangazi amenuna. Fundi seremala katoboa kiti, tumekiweka juu ya tundu la choo.

Inauma? Inauma sana. Lakini maumivu ya mazoezi yanayotulia baadaye siyo adui. Adui ni homa, usaha, goti kuwa jekundu na kuzidi kuvimba, muundi kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla. Hapo ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Najua mtaniambia: "Bwana mdogo, wataalamu ni wachache, serikali itoe wapi hela?" Sawa. Kutafsiri karatasi moja kwa Kiswahili ni shilingi ngapi? Kumpigia mgonjwa simu mara moja kwa wiki? Kumwandikia barua aende kufanya mazoezi hospitali ya mkoa wake? Kutoka Sumbawanga mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, huwezi kumwambia mtu wa magongo apande basi kila wiki ili akakunjwe goti.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi mazoezi ya viungo yahesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji, siyo zawadi. Bila hivyo tunanunua goti la gharama kubwa, halafu tunaliacha likauke kama mti.

Na sisi ndugu tuache huruma ya kijinga. Ukimpenda mgonjwa wako, mshike mkono, mwambie: "Mama, inuka, twende mpaka mlangoni."

Jana mama alikaa kwenye kiti na goti likakunja karibu nyuzi 90. Alitukana kidogo, halafu akacheka. Bado safari ni ndefu, anaambiwa inaweza kufika hata mwaka.

Naomba kutoa hoja.