Je, Geti Lako Limeshikiliwa na Nini?



Mwezi huu nilikusudia tuzungumze juu ya panya wanaotuharibia nafaka stoo, lakini panya watasubiri. Tuzungumze juu ya geti.

Jumamosi moja jioni nilikuwa jikoni nikichambua mchicha. Baba watoto akapiga honi nje, na mwanangu wa mwisho, mwenye miaka sita, akakimbia kumfungulia kama alivyozoea. Mara nikasikia kishindo kilichotikisa vyombo kabatini. Nilipotoka nilikuta geti letu la kusukuma limelala uani, na mtoto amesimama hatua mbili kutoka pale, kandambili moja mguuni. Ya pili ilikuwa chini ya geti.

Naona haya kusema kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kumgombeza. La pili, nikamgeukia dada wa kazi na kumwuliza alikuwa wapi. Jumatatu fundi wa kuchomelea alipokuja na vijana wanne kuliinua, alitazama reli, akatazama nguzo, kisha akaniambia, "Mama, usimlaumu mtoto. Geti hili halina stopa. Halijawahi kuwa nayo." Tulikuwa tumekaa nalo miaka saba.

Tangu siku ile, kila nyumba ninayokwenda natazama geti kabla sijabisha hodi, na nimeona mengi yaliyo kama letu. Ndiyo maana nimeona niwaandikie niliyojifunza kwa fundi yule.

Geti la kusukuma halina bawaba. Limesimama juu ya magurudumu mawili madogo yanayotembea kwenye reli, na kule juu linapita katikati ya rola zilizofungwa kwenye nguzo, upande huu na upande ule, ili lisiegemee ndani wala nje. Hayo ndiyo yote yanayolishikilia. Stopa ni kipande kizito cha chuma kinachowekwa mwisho wa safari ya geti, ili likifika hapo ligonge na kusimama. Pasipo stopa, mtu akilisukuma kwa nguvu linapitiliza, mkia wake unachomoka kwenye zile rola, na kuanzia hapo hakuna kinacholizuia kuanguka. Mara nyingi aliyelisukuma bado yuko pale pale, mikono yake ikiwa juu yake.

Na uzito wake si wa kuchezea. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 1.5 lina karibu kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba. Geti lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2 lina mita za mraba 8, yaani karibu kilo 95 za bamba peke yake. Ongeza fremu, vyuma vya katikati, magurudumu, na ile mikuki na maua ya urembo, utafika kilo 150 au zaidi. Ni mifuko mitatu ya saruji inayoanguka kwa pamoja, na watu wazima wawili hawawezi kuizuia.

Hapa niseme lililo moyoni. Tulipokuwa tukijenga, nilibishana na fundi wa wakati ule wiki nzima juu ya maua na rangi ya dhahabu. Sikumwuliza hata mara moja geti litasimamaje. Stopa ni vipande vya chuma ambavyo fundi mara nyingi anavyo tayari kwenye mabaki ya kazi zake! Fedha tulikuwa nazo. Tulizimalizia kwenye maua.

Mama mwenzangu, kulikagua geti lako hakuhitaji fundi. Fanya hivyo mchana, watoto wakiwa ndani, na mtu mzima mwingine awe karibu. Anza kwa kutazama tu, bila kulisukuma. Je, mwisho wa reli kuna chuma cha kulizuia, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga pia? Kiwe kimechomelewa au kufungwa kwa bolti imara. Jiwe si stopa, wala tofali, wala kile kipande cha nondo kilichochomekwa ardhini kinachocheza ukikigusa. Kisha inua macho juu. Rola zipo zote? Fremu ya geti inaingia vizuri katikati yake, au inazigusa kwa ncha tu? Tazama kama bolti zimelika kwa kutu na kama nguzo imepasuka au inainama. Ukiona stopa haipo, usilisukume hadi mwisho ili kujaribu. Lifunge, lifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo, mpite mlango mdogo mpaka fundi aje. Kama mlango mdogo umo ndani ya geti lenyewe, hakikisha mnyororo ni imara kabla ya mtu kupita.

Reli nayo isisahauliwe. Wakati wa mvua maji huleta mchanga na kokoto, gurudumu likapanda juu yake na kutoka njiani. Fagia reli kama unavyofagia uwanja. Na geti likianza kuwa zito au kupiga kelele, msizidishe nguvu ya kusukuma. Sisi tulifanya hivyo miezi mingi, tukaita watoto wawili walisukume badala ya mmoja. Kumbe gurudumu lilikuwa limekwisha. Likishatoka kwenye reli, mtu yeyote asijaribu kulishika wala kulirudisha peke yake. Watu wasogee mbali nalo, pande zote mbili, fundi aitwe.

Mageti ya nondo au mabomba yaliyo wazi yana hatari nyingine. Mtoto hupitisha mkono katikati ya nondo kumsalimia mpita njia, na geti likisogea mkono unabanwa kati ya nondo na nguzo. Wavu mgumu wenye matundu madogo, au bamba, humaliza tatizo hilo.

Siku hizi mageti mengi yana mota na rimoti, na wengine tunadhani ya umeme yana akili zaidi. Nchini Uingereza, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 2010, watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 5, walifariki baada ya kubanwa na mageti ya umeme, katika miji miwili tofauti, ndani ya siku chache tu. Mota haijui kama iliyemsukuma ni mtoto, mpaka iwekewe vifaa vya kuijulisha. Kwa kawaida kuna macho mawili madogo, moja kila upande wa njia. Jaribu kila mwezi: geti likiwa linafunga, ukiwa umesimama kando, pitisha mti wa ufagio mbele ya macho hayo. Lisiposimama au kurudi, zima mota na umwite fundi. Wakati mwingine ni vumbi tu, au buibui ametandaza nyumba yake. Rimoti iwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Tena watu wazima wote wa nyumbani, pamoja na dada, wajue ufunguo wa kuliachia geti kutoka kwenye mota uko wapi na unafunguliwaje. Mtoto akibanwa huku umeme umekatika, si wakati wa kumpigia baba simu aliko kazini.

Kwa wachache wenye milango ya gereji inayopanda juu kwa umeme, Marekani watoto wengi waliuawa na milango ya namna hiyo, hata sheria ikataka mota zote za nyumbani zinazotengenezwa kuanzia 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya kumzuia mtu asibanwe. Kipimo chake ni rahisi. Laza mbao ya mbili kwa nne sakafuni chini ya mlango, ufunge. Mlango ukiigusa mbao lazima urudi juu wenyewe. Usiporudi, mota isitumike. Zile springi kubwa usiziguse, wala usimruhusu kijana wa mtaani azifungue, kwani zimebeba uzito wa mlango mzima na zikiachia ghafla zinaua.

Ikitokea geti limemwangukia mtu, piga kelele majirani waje wengi. Liinuliwe wima juu, lisiburutwe, na wengine waweke mawe au magogo chini yake kadiri linavyopanda, lisirudi. Jeki ya gari husaidia. Kisha apelekwe hospitali hata kama anaongea na kusema haumwi, maana damu inaweza kuvuja tumboni au kichwani bila kuonekana nje.

Kwetu fundi alichomelea stopa mbili, akabadilisha magurudumu, akaongeza rola za juu upande wa pili wa nguzo. Kazi ilikwisha kabla ya saa nane mchana. Dada nilimwomba radhi mbele ya watoto, kwa kuwa nilimgombeza mbele yao. Mwanangu naye nilimwambia kwamba kufungua geti si kazi yake tena. Sasa akisikia honi anakuja mbio jikoni kuniita, nami nanawa mikono, natoka. Baba watoto amejifunza kusubiri.