Gauni la Siku Moja, Deni la Mwaka Mzima

Chukua hadithi ya mapenzi iliyoandikwa na sisi vijana, ruka moja kwa moja mpaka ukurasa wa mwisho. Utamkuta yupo tu: kasimama mlangoni mwa kanisa, gauni jeupe pe, shela refu limeshikwa na vitoto viwili, bwana harusi anafuta machozi. Basi, mwisho. Gauni lile limetoka wapi? Nani kalipa? Jumatatu asubuhi liko mikononi mwa nani? Kimya. Bei ya bia aliyokunywa jambazi katika sura ya pili tumeambiwa, ila gauni la bibi harusi limeshuka toka mbinguni. Mimi nasema huo ni uongo, na wanaoulipia ni dada zetu.

Hapa Dar, wengi wetu gauni tunakodi. Unaingia saluni ya maharusi, unaonyeshwa magauni ambayo yamevaliwa na wenzako Jumamosi zilizopita. Mengi nyuma hayana zipu, yana kamba, ili yamwenee mnene na mwembamba; ukiwa mdogo zaidi unabanwa kwa pini. Halafu unaacha pesa ya dhamana. Likirudi na doa la mchuzi au pindo limechanika, dhamana imekwenda na maji. Sasa niambieni, bibi harusi anayeogopa mchuzi atakula saa ngapi? Atacheza saa ngapi?

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea barazani, kwa cherehani ya miguu aliyoachiwa na bibi. Magauni ya harusi ya nusu ya mtaa wetu yamepita mikononi mwake. Siku yake ilipokaribia akasema, nitajishonea. Akachora mwenyewe kwa penseli: mikono mirefu ya lasi, kwa sababu ana kovu la moto begani na hapendi litazamwe, sketi nyembamba inayoishia kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu yeye ni mfupi na gauni la kuburuza linammeza. Kikao cha harusi kikakataa. Shangazi akasimama: "Yaani mwanetu avae gauni la barazani? Watu si watasema tumechacha!" Mwenyekiti akaitisha kura. Kura, jamani, juu ya mwili wa mtu mzima! Wakamkodia gauni pana kama chandarua, mabega wazi. Pesa iliyokodi gauni lile, dada aliipigia hesabu mbele yangu, ingemnunulia cherehani ya mtumba ya kudarizi aliyokuwa akiilia miaka miwili. Katika picha zote ameweka mkono begani. Watu wanadhani ni pozi.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: harusi ni mara moja, na gauni jeupe ndiyo desturi. Desturi ya nani? Uingereza kwenyewe, zamani bibi harusi alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi yoyote, kisha akaendelea kulivaa. Nyeupe ilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria kuolewa nayo mwaka 1840. Na huyo malkia, pamoja na utajiri wote ule, lasi ya harusi yake aliirudia. Picha rasmi ya kuadhimisha miaka 60 ya utawala wake, mwaka 1897, amevaa shela lile lile. Malkia karudia nguo, sisi wa Mwananyamala tunaona aibu! Na tukitaka desturi ya nyumbani, si tunayo? Huku pwani bibi harusi ana kisutu chake, khanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, na akishaolewa kinabaki chake.

Wa pili atasema bila gauni harusi haijakamilika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hao wawili, taarifa ya siku 21 na mashahidi wawili. Nguo haikuulizwa.

Wa tatu ndiye mgumu, maana ni mweka hazina wa kamati. Huyu anasema: sisi tumechanga, sisi tunachagua. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sawa mzee wangu, shikamoo. Lakini nyama hapa ni nani?

Dada unayejiandaa, sikia haya niliyoyapata kwa kukaa barazani na fundi. Kabla hujatazama picha moja, andika kiasi ulichonacho mkononi, si kile kilichoahidiwa kwenye kadi za mchango. Ahadi hazinunui kitambaa. Nunua viatu kwanza, uvivae siku ya kupimwa, la sivyo pindo litakuwa juu au litafagia sakafu. Ukienda Kariakoo, kitoe kitambaa nje ukione juani, maana taa za dukani zinadanganya. Weupe uko wa aina nyingi, na rangi ya maziwa huzikaa ngozi zetu vizuri kuliko ule weupe wa chaki. Satini inayong'aa sana inaonyesha kila mkunjo na kila jasho. Weka bitana ya pamba, joto la Februari halina adabu. Mtumba wa Ilala usiudharau, gauni zuri la kupunguza kiuno hupatikana humo. Hata kukodi si dhambi, kama umelichagua mwenyewe na pesa ni yako.

Mimi nina mswada, sasa uko sura ya 14. Binti anaolewa kwa gauni la rangi ya maziwa alilolishona kwa usiku tisa, mikono mirefu, na Krismasi analivaa tena kwenda kuuza maandazi ya sikukuu. Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi, kausoma akasema kachapo hivi hakauziki, "mvalishe shela bwana, wasomaji wanataka ndoto." Nimemwuliza ndoto hiyo inakodishwa shilingi ngapi kwa siku. Bado hajanijibu, na sura ya 15 nimeshaianza.