Hasla wa Pool Hakushindi kwa Fimbo

Wasee, yule jamaa wa pool ya mtaa anayekosa mpira ulio mdomoni mwa shimo, halafu anasema tuongeze dau, msimwonee huruma. Mimi aliniachia gemu mbili za mia mia. Tulipofika elfu mbili, akaamka. Nikaenda nyumbani bila pesa ya rent.

Na bado watu hawa tunawapenda! Cheki Rudolf Wanderone wa Marekani. Alizunguka miaka mingi akicheza pool kwa pesa, wakimwita New York Fats. Mwaka 1961 ikatoka filamu ya The Hustler, ndani kuna bingwa anaitwa Minnesota Fats. Wanderone akadai huyo ni yeye, akabeba jina lenyewe. Walter Tevis, aliyeandika hadithi hiyo, alikana. Wapi! Jamaa tayari alikuwa staa.

Mwaka 1978 akapambana kwenye TV na Willie Mosconi, bingwa wa dunia mara 15, aliyewahi kuingiza mipira 526 mfululizo. Mosconi alimchapa vibaya. Fats akaendelea kupiga domo, watu wakacheka naye tu.

Simhukumu. Niliacha chuo, na mimi pia nakula kwa mdomo. Lakini stori ya hasla huwa tamu kwa sababu anaisimulia mwenyewe. Aliyeliwa huwa kimya, anaona aibu kumwambia landlord.

Basi leo nimesema mimi niliyeliwa. Akikosa mpira rahisi, weka fimbo chini, uende home.