Jiko lenye mtoto mdogo lisigeuzwe mwalo wa dhahabu

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, mkoa wa Geita uliongezeka watu zaidi ya milioni 1.2, kutoka milioni 1.7 hadi karibu milioni 3. Wapo waliozaliwa hapohapo na wapo waliofuata dhahabu, na wote wanahitaji pa kulala na pa kupikia. Ndiyo maana Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa na Geita mjini, na kwa upande wa Shinyanga kule Kahama na Mwakitolyo, si jambo geni kukuta familia inalelea watoto katika chumba kimoja cha kupanga. Chumba hichohicho ndicho cha kulala, ndiyo sebule, ndiyo stoo, na mvua ikinyesha ndilo jiko.

Chumba cha namna hiyo hujaa upesi. Nyuma ya mlango yamepangwa madumu ya maji ya lita 20. Chini ya kitanda kuna masufuria, kiroba cha unga, michembe aliyoituma bibi kutoka kijijini na ndala za watoto. Kwenye kona mtungi wa gesi wa kilo 6 umebanana na jiko la mkaa. Baba akiwa mchimbaji mdogo, vinaongezeka moko na nyundo, buti zenye tope, nguo za duarani, yaani za shimoni, na juu ya dirisha, nyuma ya kopo la chumvi, kichupa cha zebaki.

Ushauri wa kupanga nyumba wanaopewa akina mama, redioni na kwenye vikao vya vikoba, huanzia kwenye kabati, mapazia na vyombo vinavyofanana. Katika ukanda wa dhahabu ungepaswa kuanzia kwenye kichupa kile. Kupanga jiko lenye mtoto mdogo ni kuamua kwanza kitu gani kisiingie kabisa ndani, na nafasi ya sahani itapatikana baada ya hapo.

Kazi yenyewe inajulikana kwa kila aliyekaa karibu na mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, ule mzito uliobaki unawekwa kwenye beseni. Zebaki inamiminwa juu yake, mtu anausugua kwa viganja mpaka dhahabu inashikana nayo, kisha anaukamua ndani ya kitambaa hadi kibaki kidonge cheupe cha rangi ya fedha. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko cha chuma au kifuniko cha kopo, juu ya makaa. Dakika chache baadaye weupe umetoweka na njano imejitokeza. Zebaki iliyotoweka imeingia hewani. Kidonge kikichomwa kwenye jiko la nyumbani, usiku, mlango umefungwa ili majirani wasione, hewa hiyo ndiyo wanayovuta mama na watoto waliolala mita mbili kutoka hapo.

Zebaki haina harufu ya kumshtua mtu. Hata isipochomwa, hutoa mvuke taratibu katika joto la kawaida. Mvuke wa moto ukipoa hutua kwenye kuta, dari, mablanketi na vyandarua, na kutoka huko huendelea kurudi hewani. Unashambulia mishipa ya fahamu na figo. Mtoto mchanga yuko hatarini kuliko baba yake kwa sababu ubongo wake bado unajengwa, anavuta hewa nyingi kwa kulinganisha na uzito wake, na maisha yake yote yako sakafuni. Aliye tumboni naye hajasalimika.

Haya yamepimwa nyumbani kwetu. Mapema miaka ya 2000 Rwamagasa, wilayani Geita, ilikuwa eneo la utafiti la mradi wa zebaki wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO. Wataalamu wa afya walipowapima wakazi, walikuta wachoma dhahabu wenye dalili za sumu iliyowakaa mwilini muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha Tanzania, Zimbabwe na Indonesia, uliangalia maziwa ya akina mama wa maeneo ya machimbo, na baadhi ya sampuli zilikuwa na zebaki nyingi. Hilo halimzuii mama kunyonyesha. Linawataka walio karibu naye wauondoe mvuke wa zebaki alipo. Mwaka 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch nalo lilitoa ripoti kutoka Chunya, Geita na Kahama kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo na kushika zebaki kwa mikono mitupu.

Anayedhani sumu ya machimbo huishia machimboni aangalie jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 watoto walianza kufa kwa mamia katika vijiji vya huko, zaidi ya 400 na wengi wao chini ya miaka mitano. Mawe ya dhahabu yalikuwa na madini ya risasi, na familia zilikuwa zikiyaponda na kuyasaga ndani ya nyua zao. Mawe ya Geita si yale ya Zamfara. Njia ambayo sumu iliingilia nyumbani, kwa mikono, nguo, vyombo na vumbi la uani, inafanana kabisa na ya hapa.

Kwa hiyo mpango wa nyumba hauwezi kuachwa kuwa kazi ya mama peke yake. Mara nyingi kichupa kile hakukileta yeye, wala si yeye aliyeamua dhahabu ichomwe ndani. Mara nyingine ni yeye, kwa kuwa wanawake nao wanaponda mawe, wanaosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, na kuuza chakula machimboni mtoto akiwa mgongoni. Vyovyote iwavyo, uamuzi wa kwanza ni wa watu wazima wote wa nyumba ile: zebaki hailali chumbani, dhahabu haichomwi jikoni, na beseni la mwaloni halioshewi vyombo wala kuogeshea mtoto. Nguo za duarani hukung'utwa nje, hutundikwa nje na kufuliwa peke yake. Tone likimwagika ndani, watoto watolewe, mlango na dirisha vifunguliwe, na vitone vikusanywe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu hadi kwenye chombo chenye maji na mfuniko unaobana. Fagio huvivunjavunja na kuvisambaza chumba kizima.

Kichupa kikishatoka, kazi iliyobaki inawezekana hata kwenye chumba cha hatua nne kwa tatu.

Njia inayozaa matunda ni kuchagua siku ya jua, kutandika mkeka uani na kutoa vyote vilivyo jikoni hadi chumba kibaki kitupu. Hapo ndipo familia huona ina mifuniko mingi kuliko masufuria, chupa za chai zilizopasuka na madumu yanayovuja yaliyotunzwa kwa matumaini. Vya kila siku vinakaa fungu moja, vya mara chache fungu la pili, vibovu vinaondoka. Chumba kidogo hakina nafasi ya kutunza kitu kisichotumika, hasa mtoto anapoanza kutambaa na kila kilicho chini kinapokuwa chake.

Vinavyorudi ndani vipangwe kwa kufuata mkono wa mtoto. Ubao mmoja uliopigiliwa na fundi seremala juu ya bega la mtu mzima unatosha kubeba mafuta ya taa, viberiti, visu, dawa ya panya, vidonge vya hospitali na sabuni ya unga. Visogezwe nyuma, na pasiwe na stuli wala ndoo ya kupandia chini yake, kwani mtoto wa miaka miwili ameshajua kupanda. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo, anaitambua chupa kwa umbo na anaijua kuwa ni ya kunywea. Akishakunywa asitapishwe, kwa maana mafuta yakirudi juu ni rahisi kuingia kwenye mapafu. Akimbizwe zahanati, na chupa yenyewe ibebwe mganga aione.

Moto nao unahitaji mahali pake pa kudumu. Jiko linalohamahama, asubuhi mlangoni na jioni karibu na kitanda, humkuta mtoto hajajiandaa. Kipande cha sakafu kilichozungushiwa matofali barazani, au meza imara ya jiko la gesi, humfundisha mtoto mpaka ambao hauhami. Sufuria la uji likae nyuma, mbali na ukingo, na mtungi wa gesi usikae karibu na makaa. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa hata kama mvua inanyesha, kwa sababu makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20 kabla ya safari ya hospitali. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya kupikia huongeza madhara.

Maji ya Ziwa Victoria, yanayosafishwa Ihelele wilayani Misungwi na kusukumwa hadi Kahama na Shinyanga, yaliwapunguzia wengi mwendo wa kisimani tangu mradi ule ulipozinduliwa mwaka 2009. Hata hivyo ndoo na madumu hayajaondoka, kwa kuwa bomba la uani ni la wapangaji wote. Ndoo iliyojaa nusu tu inaweza kumzamisha mtoto anayeanza kusimama: anachungulia, kichwa kinamvuta, naye hana nguvu ya kujinyanyua. Kila ndoo iwe na mfuniko unaobana, na beseni la kufulia limwagwe mara kazi inapokwisha.

Baada ya kupandisha vya hatari, kuna vya kushushwa. Mtoto wa miaka miwili apewe boksi au kikapu chake chini, chenye kikombe cha plastiki, kijiko cha mbao, ungo mdogo na mifuniko ya kuchezea. Anapokuwa na mali yake jikoni, mama anapata muda wa kusonga ugali bila kuruka huku na huku. Wa miaka minne anaweza kupeleka vijiko kwenye kichanja na kurudisha kikombe chake. Anachelewa, anaangusha, anapanga kinyume, na bado ni vizuri aachwe afanye, kwani utaratibu wa nyumba anaujifunza kwa mikono yake.

Wapo watakaosema mtu anayetafuta kodi ya mwezi hana nafasi ya kuwaza haya. Historia ya nchi na ya ukanda huu inajibu vinginevyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 nchini kote kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili maji, mbu na vyoo, kisha wakarudi kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga maeneo ili yaote upya. Vichaka vilivyotengwa vikaota upya, na wanawake wakapata kuni karibu zaidi na nyumbani. Katika mambo yote mawili hakuna aliyemwambia mama ajitahidi peke yake. Serikali, kijiji na kaya walisukuma pamoja.

Safari hii wa kusukuma wapo, na sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kiambatisho chake cha uchimbaji mdogo kinataja wazi kwamba uchomaji wa dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu ni jambo la kukomeshwa, na kinazitaka nchi ziwe na mikakati ya kuwakinga watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Geita ilifungua soko la dhahabu mwezi Machi 2019, na tangu hapo mchimbaji ana pa kuuzia kihalali. Dhahabu iliyopata soko inastahili pia kupata mahali pa kuchomewa, mbali na makazi, penye vyombo vilivyofunikwa vinavyonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mchimbaji ataitumia tena na fedha yake haitapotea hewani.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inapogawiwa vijijini, anayegawa aongeze dakika kumi za kuonyesha mtungi unakaa wapi kwenye chumba chenye mtoto anayetambaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapotembelea kaya yenye mtoto mchanga huuliza kuhusu chanjo, chandarua na lishe. Katika kata za machimbo waulize na swali la nne: zebaki inalala wapi? Mwenye nyumba anayejenga vyumba kumi kwa ajili ya wapangaji anaweza kuongeza banda moja la kupikia uani na ubao mmoja wa juu katika kila chumba. Hiyo ni gharama ndogo ukiilinganisha na kodi ya miaka.

Migodi mikubwa nayo hutenga fedha za wajibu kwa jamii kila mwaka kwa makubaliano na halmashauri, na fedha hizo zimekwishajenga madarasa na zahanati. Madiwani wa Geita, Msalala, Kahama na Shinyanga hukutana kila robo mwaka. Katika kikao kijacho waweke mezani hoja mbili: kibanda cha kuchomea dhahabu katika kila eneo la mialo, na sheria ndogo inayokataza kuchoma ndani ya nyumba, ianze kutumika siku kibanda kitakapofunguliwa ili mchimbaji asiadhibiwe kabla ya kupewa pa kwenda.